Nianze vipi kukusanya magari madogo ya Safari Rally kwa shilingi 2,000 kwa mwezi?

KijanaWaLanet (Nakuru):

Habari zenu wapenzi wa rali. Niko Nakuru, upande wa Lanet, nafanya kazi ya stoo kwenye duka la vipuri vya magari. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, mwaka hauishi kabla sijafika Soysambu au kule Sleeping Warrior kuyatazama magari yakipita. Tatizo ni kwamba yakishapita, yamekwenda. Unabaki na vumbi na video ya simu inayotikisika. Mimi nataka kubaki na gari lenyewe, japo dogo.

Kwa hivyo nimeamua kukusanya magari madogo ya rali yaliyotengenezwa kwa uwiano sahihi wa gari halisi. Sizungumzii vya kuchezea. Nataka kitu ambacho nikikisogeza karibu na jicho naona mishipi ya viti, namba ya mlangoni, na majina ya dereva na mwelekezi yakiwa yameandikwa kwenye kioo cha pembeni.

Bajeti yangu ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo inayobaki baada ya kodi, chakula na kile ninachotuma nyumbani Molo, na haiwezi kuongezeka. Kwa sasa nina Hot Wheels kadhaa za supamaketi. Nazipenda, lakini magurudumu yake ni makubwa kuliko yanavyotakiwa na rimu hazifanani na za gari halisi. Kuna muuzaji wa Nairobi mtandaoni ana Toyota Celica ya 1985, ile ya dereva Kankkunen, skeli ya 1:43 (yaani gari halisi limepunguzwa mara 43), anataka 5,500 bila sanduku. Mwingine ana gari la 1:18 kwa 14,000, hilo siliwezi.

Naomba mnisaidie: nichukue skeli gani? Ninunue kidogo kidogo kila mwezi, au niweke akiba miezi mitatu nipate moja la maana? Na nikiwa naona picha tu, nitajuaje kwamba gari ni zuri?

---

MamaTaji_Eldoret:

Karibu sana kaka. Mimi ni mtu wa 1:64 na nitaitetea.

Zile za supamaketi zisikufanye udhani skeli yote ni hiyo. Siku hizi kuna Mini GT, Tarmac Works na Inno64, zote ni 1:64, na kazi yake ni safi: matairi ya mpira, vioo vya pembeni, taa zenye kina, maandishi unayoyasoma kwa kioo cha kukuza bila herufi kuvunjika. Mimi huzipata kati ya 1,500 na 2,500, kutegemea nani anauza na kama sanduku liko. Hiyo ni bajeti yako ya mwezi mmoja.

Naishi chumba kimoja na mtoto wa miaka mitano. Rafu yangu iko juu ya mlango, inabeba mkusanyiko wote na hakuna anayeifikia. Ungekuwa na 1:18 ungeiweka wapi?

Na hilo la kungoja miezi mitatu silipendi. Pesa iliyokaa M-Pesa miezi mitatu kuna mtu atakuja kuiomba.

---

FundiRedio_Kondele:

Ndugu KijanaWaLanet, mimi ni fundi wa redio na simu hapa Kondele, Kisumu, na nimekusanya magari madogo tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Umeomba msaada, nitakujibu kwa urefu.

Dada MamaTaji hajakudanganya kuhusu 1:64 za leo. Lakini wewe hukusema unataka magari ya mbio tu, ulisema Safari. Kwa Safari, hasa ile ya zamani, jibu ni 1:43. Skeli hiyo ilitokana na magari yaliyowekwa kando ya treni ndogo za maonyesho za Ulaya, na watengenezaji wa Ufaransa, Italia na Ureno waliishikilia kwa miaka mingi. Ndiyo maana ukitafuta Peugeot 404, Volvo ya miaka ya 1960 au Datsun za miaka ya 1970 utazikuta kwa wingi zaidi hapo. Halafu pima: Datsun 240Z ina urefu wa mita 4 na kitu. Kwa 1:18 ni sentimita 23 hivi, hiyo inataka kabati. Kwa 1:64 ni sentimita 6 na nusu. Kwa 1:43 ni sentimita 9 na nusu. Inalala kwenye kiganja na jina la dereva unalisoma kwa macho yako bila kioo.

Sasa jambo ambalo naona ni kubwa kuliko skeli. Usikusanye "Safari". Safari ilianza 1953, na kila mwaka una magari mengi. Ukifuata kila kinachotokea, hiyo 2,000 itatawanyika na baada ya mwaka utakuwa na rafu ya vitu visivyojuana. Chagua mstari mmoja mwembamba, uandike kwenye karatasi, na usinunue nje yake hata kama bei ni nzuri. Hapo ndipo bajeti ndogo inapogeuka kuwa mkusanyiko.

Nikupe mstari wangu kama mfano. Mimi nafuata madereva watatu kati ya Wakenya walioshinda Safari. Wa kwanza ni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, jirani yetu kabisa. Alishinda 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Ile Volvo ilikuwa gari la mtumba, lilikuwa limeshatumiwa na timu ya Volvo kabla halijafika mikononi mwake. Napenda sana jambo hilo. Wa pili ni Shekhar Mehta: 1973 kwa Datsun 240Z, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa Datsun za umbo la Violet. Wa tatu ni Ian Duncan, 1994, Toyota Celica. Hesabu: magari tisa. Huo ni mkusanyiko unaoweza kukamilika, na ukikamilika unaweza kumsimulia mgeni kutoka gari la kwanza hadi la mwisho bila kuchanganyikiwa.

Humo ndani kuna mahali pa kuongeza ukitaka. Mwaka 1973 Mehta alimaliza akiwa na pointi za adhabu sawasawa na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun ya saluni. Mehta akapewa ushindi kwa sababu alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mimi naziweka hizo mbili pamoja kwenye kibao kimoja. Ukiweka 240Z peke yake unaonyesha gari zuri jekundu. Ukiweka zote mbili unaonyesha rali yenyewe ya mwaka huo.

Kuhusu pesa. Kuna njia ambayo wengi hapa nchini hawaijui. Ulaya, magazeti ya wakusanyaji yalikuwa yakiuzwa kila wiki mbili au kila mwezi pamoja na gari moja la 1:43. Magari hayo mengi yalitoka viwanda vilevile vinavyotengeneza magari ya chapa ya IXO, na yalitumia kalibu zilezile. Tofauti ni kwamba gari la gazeti limepunguzwa vitu: antena hakuna au ni nene, mishipi ya viti imechorwa tu badala ya kuwekwa, taa za mbele ni plastiki bila kina. Umbo la gari, rangi na maandishi ni sawa. Muuzaji akikwambia "IXO" na sanduku halipo, kuna uwezekano mkubwa ni hilo la gazeti, na bei yake haipaswi kuwa ya IXO. Chapa za Spark na Minichamps ni kiwango kingine kabisa. Usiziguse mpaka ujue unachokitafuta.

Hivyo vitu vilivyopunguzwa ndivyo sisi tunaviongeza kwa mkono. Na Safari inakusaidia hapo, maana gari la Safari lilikuwa tofauti na gari lilelile likiwa Monte Carlo au Ufini. Barabara hazikufungwa zamani. Ulikutana na ng'ombe, lori, punda, mto uliojaa. Kwa hivyo mbele kulikuwa na bulba, yaani kinga ya mabomba, taa za ziada, mipira mirefu nyuma ya magurudumu, magurudumu mawili ya akiba. Miaka ya 1990 wakaongeza bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele ili injini isinywe maji. Gari dogo la bei nafuu likikosa vitu hivi, ukivitengeneza vizuri linapita la bei kubwa. Nimeona hivyo kwenye meza yangu mwenyewe.

Nieleze bulba, maana ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Chukua waya ya stima ya nyumbani, ile ya 1.5, uichune ngozi. Shaba iliyo ndani ina unene wa karibu milimita 1.4. Zidisha kwa 43, unapata bomba la sentimita 6, yaani bulba halisi. Shika ncha moja kwa koleo, nyingine kwa jiliwa, uivute mpaka inyooke kabisa, maana waya iliyotoka kwenye bunda ina mawimbi na mawimbi hayo yataonekana hata baada ya rangi. Chora umbo la mbele ya gari kwenye kipande cha mbao, piga misumari midogo kwenye kona, kisha zungusha waya kwenye misumari. Kona zitoke za mviringo. Bomba halikunjwi kama karatasi. Viungo vya katikati vichomelee kwa risasi hapohapo kwenye mbao, kamwe usichomelee juu ya gari, rangi itaungua na chuma cha gari hakivumilii moto. Baada ya kupoa, pitisha msasa namba 600 mpaka zile tone za risasi zipotee na viungo vionekane kama vilitoka kiwandani. Rangi nyeusi isiyong'aa, mara mbili, nyepesi. Bandika kwa gundi ya epoksi. Supaglu inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye vioo na taa, na ukungu huo hautoki kirahisi.

Taa za ziada: kuna zile balbu za LED za milimita 3. Kata kichwa chake, kisugue upande wa nyuma, upake rangi ya fedha. Kwa 1:43 inakuwa taa ya sentimita 13. Ukiiweka mbele ya dirisha inashika mwanga kama kioo cha taa ya kweli. Hizo nazing'oa kwenye redio mbovu, hazinigharimu kitu.

Na mwisho, soko. Jumapili nenda Kibuye ukija Kisumu, na hapo Nakuru tafuta wauza mitumba wa vitu vya watoto. Mle kwenye marundo huwa kuna Majorette, Matchbox, Bburago, na ukiwa na bahati Solido na Norev za Ufaransa. Mama anakuuzia kwa shilingi 50 au 100 kwa sababu gurudumu moja halipo. Ligeuze. Chini ya gari kumeandikwa mtengenezaji, skeli na nchi. Ukiona 1/43 na Made in France, usiliweke chini. Peugeot 504, kwa mfano. Nyinyi watu wa Nakuru mnaijua vizuri kuliko mimi, wazee wenu walipanda 504 kwenda Nairobi. Ove Andersson alishinda Safari ya 1975 kwa 504 ya saluni, na Jean-Pierre Nicolas akashinda 1978 kwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Kwa hiyo 504 ya kawaida, nyeupe, iliyokwaruzika, ni mwanzo wa gari la ushindi.

---

KijanaWaLanet:

Fundi, Mungu akubariki. Nimesoma jibu lako mara mbili nikiwa kazini, na nimeshaandika mstari wangu kwenye daftari. Nimechagua Toyota zilizoshinda. Nilianza kuipenda rali kupitia Yaris ya Ogier 2021, na baba yangu alikuwa akinisimulia Celica zilivyopita Molo usiku wa mvua. Sasa nina 1984, 1985, 1986, zile za 1990 na kuendelea, mpaka hizi za sasa. Ni nyingi kuliko zako tisa, lakini zina kichwa na mkia.

Dada MamaTaji, asante pia. Rafu ya juu ya mlango naichukua.

Mambo mawili yamebaki. Stika: kama gari lina rangi tu, au stika zimechakaa, nafanyaje? Na je, kuagiza moja kwa moja kutoka nje kunafaa kwa bajeti yangu?

---

MzigoNaivasha:

La kuagiza nitakujibu mimi, nimefanya kazi ya kutoa mizigo.

Gari la 2,000 kutoka Ulaya au China si la 2,000. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei ya kitu pamoja na usafirishaji, kisha VAT ya asilimia 16 inawekwa juu ya vyote hivyo pamoja na ushuru wenyewe, na kuna ada nyingine ndogo. Kwa hiyo nauli kubwa inakuumiza mara mbili: unailipa, halafu unailipia kodi. Gari moja peke yake halifai. Ungana na wenzako wanne au watano, muuzaji awe mmoja, kifurushi kimoja, mgawane nauli. Risiti iwe ya bei halisi. Kifurushi kilichoandikwa bei ya uongo kikishikwa kinakaa, na kukikomboa kunazidi thamani yake.

Kama una jamaa anayerudi likizo, mwambie akubebee mawili kwenye begi, yakiwa yamefungwa kwa soksi. Vioo vya pembeni ndivyo huvunjika kwanza.

---

FundiRedio_Kondele:

MzigoNaivasha amesema yote kuhusu kuagiza. Niseme stika.

Zinazotumika ni stika za maji, yaani zile zilizo juu ya karatasi yenye gundi inayolainika. Unaikata karibu kabisa na mchoro, unaiweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka ianze kuteleza, unaihamisha kwa kibanio na brashi iliyolowa. Mahali penye mkunjo, kama pale boneti inapokutana na digadi, tia tone la siki. Siki inalainisha stika, inashuka na kushika umbo la chuma badala ya kusimama kama hema. Ikikauka, pitisha vanishi nyepesi juu yake.

Unaweza kuagiza karatasi tupu ya stika na kuchapisha mwenyewe kwenye saiba, karatasi moja ya A4 inatosha magari kadhaa. Mwambie kijana wa saiba atumie printa ya leza. Ile ya wino itayeyuka kwenye maji usipoipulizia vanishi kwanza. Na kumbuka printa za kawaida hazichapishi nyeupe. Kama gari ni jekundu na namba iko kwenye duara jeupe, duara lile ulipake rangi kwanza au ulikate kwenye karatasi nyeupe, ndipo namba nyeusi ije juu. Usipofanya hivyo, namba itamezwa na wekundu.

Utakutana pia na magari yaliyokosa jina la mdhamini mkuu, yana nafasi tupu mlangoni. Hiyo si kasoro ya muuzaji. Majina ya sigara kama Rothmans kwenye Opel Ascona ya Vatanen, mshindi wa 1983, au 555 kwenye Subaru ya Colin McRae, mshindi wa 1997, watengenezaji wengi waliyaacha kwa sababu ya sheria za matangazo ya tumbaku. Kuna watu wanaouza stika hizo peke yake. Kwa maoni yangu gari la kihistoria liwe kama lilivyokuwa siku ile, kwa hiyo mimi naziweka.

Kitu kimoja zaidi kabla hujalipa chochote. Mengi ya magari haya ni aloi ya zinki. Kama kiwandani zinki ilichanganyika na risasi kidogo, chuma huoza kutoka ndani, na unyevu unaharakisha. Dalili ni nyufa nyembamba kama nywele kwenye nguzo za kioo, kitako kilichopinda, mlango ambao hautoshi tena mahali pake. Haitibiki, gundi wala rangi haisaidii. Omba picha ya chini ya gari na ya kila kona kwenye mwanga wa jua. Hapa Kisumu, karibu na ziwa, mimi naweka ndani ya kabati zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na vifaa vya elektroniki na viatu. Nyinyi shida yenu ni vumbi zaidi.

---

MamaTaji_Eldoret:

Vumbi na jua. Rafu isitazamane na dirisha, nyekundu ndiyo huanza kupauka na stika nyeupe zinageuka manjano. Mimi nilimpa fundi wa vioo vya dirisha mabaki yake, akanitengenezea sanduku la kioo kwa silikoni, la kama sentimita 60. Nalipangusa kwa brashi laini ya poda ya uso. Kitambaa usitumie kabisa, kinang'oa antena na waipa.

Na kwa Toyota zako, za miaka hii za Rally1, lile daraja la juu la rali ya dunia, nitakuwa na jicho kwenye 1:64. Tukikutana na bei nzuri nitakutumia ujumbe.

---

KijanaWaLanet:

Nashukuru dada. Fundi, muuzaji wa ile Celica ya 1985 ametuma picha nilizoomba. Chini ni safi, hakuna ufa ninaouona. Matairi yapo yote. Bulba imekatika upande mmoja, na taa moja ya mbele haipo. Kwenye kioo cha pembeni nimekuza picha nikasoma Waldegård na Gallagher. Bado anasema 5,500.

---

FundiRedio_Kondele:

Basi hiyo si ya 1985. Mwaka 1985 alishinda Juha Kankkunen, Safari yake ya kwanza kabisa, mwelekezi wake akiwa Fred Gallagher. Björn Waldegård alishinda 1984 akiwa na Hans Thorszelius, na akashinda tena 1986, safari hii akiwa na Gallagher. Kwa hiyo unayoiona ni ya 1986. Muuzaji huenda hajui, mwambie kwa upole. Celica hizo zilishinda miaka mitatu mfululizo na kwa mbali zinafanana, ndiyo maana kioo cha pembeni kinasomwa kabla ya kulipa.

Kwa bahati nzuri 1986 nayo iko kwenye mstari wako, kwa hiyo usiiache. Lakini bulba imekatika, taa haipo, sanduku halipo, na mwaka sio aliokutangazia. Mwanzie 3,500. Akifika 4,000, mpe. Hiyo ni miezi yako miwili. Mwombe aifunge kwa karatasi laini kuzunguka paa, si kuzunguka antena, na aitume kwa matatu ya asubuhi ili uipokee mchana.

Ikifika, usiing'oe bulba ya zamani mara moja. Pima kwanza upana wake kutoka nje hadi nje, na urefu wa kutoka chini ya bampa hadi ukingo wa boneti, kwa rula ya milimita. Ipige picha kutoka mbele, kamera ikiwa usawa wa taa. Nitumie vipimo hivyo, nitakukatia waya na kuchora mbao yake, halafu kuchomelea utafanya mwenyewe. Taa nitakuwekea nne kwenye bahasha, tatu za akiba.